Kivuli Changu cha Arizona

Usinionyeshe picha ya jangwa. Mpaka leo nikiona kalenda yenye miamba myekundu, damu inanichemka.

Mwaka wa tisini na nane nilikuwa nahudumia wazee huko ughaibuni, mjini Wheaton, kuwaogesha na kuwalisha, na moyo wangu wote uko kwenye kamera. Kanisa letu lilikuwa linatafuta mpiga picha. Yule ambaye picha zake zingependeza, zingewekwa kwenye kalenda ya mwaka, na harusi zetu zote zingekuwa zake. Niliitaka nafasi ile, wee! Ingenitoa kwenye mabeseni.

Nikaenda jangwani Arizona na mwenzangu, Mkenya tuliyeishi naye Langley Park kama ndugu, sufuria moja. Mimi nilitaka kupiga picha miamba mitupu. Akacheka. "Aki wewe! Nani atatundika mawe ukutani? Weka mtu!"

Na alisema kweli, kwetu picha isiyo na mtu ni kupoteza filamu. Basi nikamweka yeye na kitenge chake cha njano kwenye kila picha. Tulidamka kuwahi mwanga, mchanga ukitujaa mpaka menoni. Akaniuliza kamera inajipigaje yenyewe, nikamfundisha. Jamani, nilimfundisha mwenyewe!

Picha iliyozishinda zote ilikuwa na dosari. Jua lilikuwa mgongoni kwangu, na kivuli changu, viwiko juu, kikalala mchangani mpaka miguuni kwake. Nilipompigia kelele kwamba kivuli kimeharibu, turudie, akakataa.

"Iache hivyo hivyo," akasema. "Si ndiyo tuko wote wawili?"

Nilimpenda sana siku ile.

Jumapili ya kupeleka picha nilikuwa zamu. Nikampa bahasha nzima, picha na negativu, zile filamu za kusafishia nyingine, anipelekee. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini nani huikagua nguo aliyoivaa?

Siku ya kuzindua kalenda nikaingia ukumbini Riverdale Park nimejipamba, natafuta pa kukaa mbele. Nikamkuta mwenzangu anapigiwa vigelegele. Yeye ndiye mpiga picha! Nikamwendea mzee wa kanisa aliyesimamia kalenda.

"Shikamoo mzee. Zile picha ni zangu mimi. Yeye yumo ndani, angejipigaje?"

Akanitazama kwa huruma. "Marahaba, mwanangu. Mwenzako ametueleza vizuri tu. Kamera inajipiga yenyewe. Usimwonee wivu."

Wivu! Mimi!

"Basi fungua picha yenye kitenge na mwamba mkubwa," nikasema. "Chini kuna kivuli changu nimeshika kamera. Kamera inayojipiga haina mtu nyuma yake."

Mzee hakuwa mbaya. Akavaa miwani, akafunua kurasa taratibu mpaka akaifikia. Mwamba ule, kitenge kile, tabasamu lile. Nikashusha kidole kutafuta kivuli, kikafika ukingoni mwa karatasi. Picha ilikuwa imekatwa magotini kwake.

Nikainua macho. Alikuwa ng'ambo ya ukumbi na sahani ya pilau, ananitazama, wala hakutazama pembeni. Alikubali kuonekana hana miguu, mradi mimi nisiwemo.