Karanga Mama Alinitumia

Mi sijui kukaa. Na mimba ya myezi saba ilizidisha: nafagia, naacha katikati, natoka ku barabara ya Mususa, mutaa yetu, kuangalia sijui nini, narudi ndani. Bwana yangu alisema nitamaliza simenti ya nyumba na miguu. Sikucheka.

Ku centre de santé, siku ya kupima mimba, muganga alivuta chini ya jicho yangu akaona kweupe. Damu ni kidogo, akasema, na mutoto anakua polepole. Akaniagiza mboga ya sombe ao lengalenga, maharagi, na kila siku karanga mukono moja, hata kama roho inakataa. Lakini karanga ya soko ilinishinda. Ingine ilikuwa na ukungu, ingine uchungu. Nilitema, nikakasirika, mpaka nikalia juu ya kitu kidogo vile.

Kusema kweli, ile ilikuwa inanitoa usingizi haikuwa karanga. Ilikuwa mama yangu. Alikimbia vita kule Mbau, akapanga chumba Beni, mu mutaa ya Beu, na kila tukiongea ku telefone alikuwa anarudilia neno moja: mvua ikianguka tu, anaenda ku shamba yake. Batu balikuwa banaenda kule kulima na habarudi. Nilimuomba, nilimugombeza, sawa vile yeye njo mutoto. Alinijibu majani mu shamba itakuwa imefika sasa ku kiuno. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Siku moja nilimwambia habari ya damu, na ile karanga ya ukungu. Tukaagana. Juma iliyofuata, chauffeur wa taksi aliniletea mufuko kutoka Beni: karanga ndani ya maganda, kubwa-kubwa, sawa zilichaguliwa moja moja. Nilikaa chini ku mulango, mi mwenyewe nikashangaa kuona nimekaa, nikapasua, nikakula. Zilikuwa tamu. Nilikula nyingi mbele nisikie ladha ya moshi.

Ulimi yangu ilijua ile moshi. Kwetu, karanga ya kula hailale juu ya moto. Ile ya mbegu njo mama anachagua, anafunga mu mufuko, anatundika juu ya mafiga, moshi ifukuze vidudu. Mutoto akigusa pale, anapigwa na mwiko. Siku ya kukimbia, mama aliacha sufuria, aliacha mbuzi, lakini ile mufuko aliibeba ku kichwa mpaka Beu.

Nilimupigia palepale. Nilikuwa tayari nazunguka mu kiwanja.

"Mama, hii ni mbegu."

"Kula, mwana yangu. Iko safi, haina ukungu."

"Na wewe utapanda nini?"

Nilisikia batoto ba majirani yake banacheza, na yeye anapumua.

"Nitapanda wapi?"

Donc nilipata ile nilikuwa naomba. Hatarudi tena Mbau, hakuna mutu atamuua mu shamba. Ningefurahi, mais sikuweza. Nilitaka anigombeze, aseme tena mvua ikianguka tu. Akaniuliza kama nimekula, nikasema ndiyo, akakata.

Karanga ilikuwa bado mu kinywa yangu. Nikaimeza, nikapasua ingine.