Violoni ya Tata Kanyinda

Mi Domitille, sauti ya kwanza mu korale yetu, kwaya ya kanisa hapa Kolwezi, nasema kweli: kama kuna mutu wa kulaumu, ni mi. Tata Kanyinda alitia muziki tu. Kilio, mi njo nilikianzisha.

Tata Kanyinda alikuwa fundi wa umeme, miaka makumi tatu mu atelye ya kutengeneza mashine za mugodi, Mukasai, mutu wa Kasai, wa wale babu zao baliletwa na treni kuchimba shaba. Bapadri balimufundisha kusoma noti angali mutoto, na tangu pale alipenda muziki ya kiklasiki kuliko nyama. Sisi tunacheza rumba, yeye anafunga macho, anasikiliza violoni makumi mbili zinalia pamoja. Kila siku ya Mungu, kisha misa, anaandika mu WhatsApp ya korale: “Bandugu, hii wiki niko nasikiliza hii.” Kisha anaeleza: hapa violoni inauliza, hapa filimbi inajibu, mufungue masikio. Eeh, Mungu wangu! Dakika makumi mbili! Donatien, wa sauti nzito, anamujibu: “Tata, violoni yako ilikula mega yangu yote ya intaneti,” tunacheka. Hakukasirika hata siku moja.

Mwaka huu bibi yake wa ndoa, Mama Louise, alianza kukonda. Daktari aliita Tata pembeni: ni ini, ugonjwa umeenea, hakuna dawa tena. Tata akarudi nyumbani, akamwambia bibi yake ni tumbo tu, itapita. Sisi ba korale alituambia kweli juu ya kumuombea, akatuapisha: “Louise asijue. Akijua, atakata tamaa, atakufa mbele ya siku yake.” Tukaapa.

Tulikuwa tunaenda kumuona, tunamwambia anaanza kunenepa. Uongo wa namna ile unachoma kinywa. Yeye alikuwa na jambo moja tu mu roho: binti yake Mushiya, aliyeolewa kule Mutshatsha. Baligombana juu ya ile ndoa, miaka mine hawasemeshani. Si maneno ya simu, alisema, ni ya kukaa chini uso kwa uso. Alikuwa ananiambia: “Nikipata nguvu kidogo, napanda treni, namaliza maneno na mutoto wangu.” Na mi, mujinga, namujibu: “Pona kwanza, mama. Haraka ya nini?”

Sasa mujue, kwetu huku redio ikitaka kutangaza kifo, inatanguliza muziki ya namna ile: nzito, polepole, bila muimbaji. Hata mutoto akiisikia, anauliza ni nani.

Siku ya ine ya juma, mu mwezi wa tano, niko sokoni naosha matembele, simu ikalia: ujumbe mu WhatsApp ya korale. Tata Kanyinda. Haikuwa siku ya Mungu. Hakuna “bandugu”, hakuna neno. Violoni peke yake, polepole, polepole. Ulimi hauna mufupa, na vidole vivyo hivyo: niliandika, “Mama Louise ametuacha!” Hakuna aliyeuliza. Abigaëlle akaandika “Yesu wangu!” Donatien akaandika analeta turubai na viti.

Tulifika mu kiwanja cha nyumba yao pamoja, tunalia. Mi nikajitupa chini, kilemba kule. Kwetu, mutu akifa, unamulomba musamaha mbele ya kuzikwa, unataja kosa lako kwa sauti. Nikataja. “Louise wee! Tulijua ni ini! Tangu mwezi wa pili tulijua hutapona, tukakudanganya! Utusamehe, mama!”

Mulango ukafunguka. Mama Louise alikuwa amesimama, ameshika ukuta.

“Domitille,” akasema, “ini ya nani?”

Tata Kanyinda akatoka nyuma yake, simu mu mukono: “Leo alikula sahani nzima. Nilikuwa na furaha, nikatia muziki, nikasahau kuandika.” Furaha gani, violoni inalia vile! Nilitaka kumupiga. Nilitaka kujipiga mi mwenyewe.

Mama Louise akakaa juu ya kiti kimoja cha Donatien. Hakulia. Akamuangalia bwana yake.

“Mwezi wa pili nilikuwa natembea mpaka sokoni,” akasema. “Ningefika Mutshatsha na miguu yangu.”

Tata akapiga magoti mbele yetu bote. Mama Louise hakumugusa.

Jioni ile ile balimuita Mushiya. Treni iliharibika njiani, akafika kisha siku ine kupita. Mama yake alikuwa na macho wazi, lakini sauti ilikuwa imekwenda. Mutoto alisema yote, akalia, akalomba musamaha, na mama anaangalia tu. Asubuhi alikufa.

Mushiya ananiuliza mpaka leo: “Mama Domitille, ulikuwa pale. Alinisikia?”

Ninamujibu ndiyo, alisikia. Sijui.