Singida hadi Dodoma, Mgonjwa Akiwa Amelala Chali

Siku yangu ya kwanza katika hospitali ya mkoa, Matroni aliniuliza Dodoma ni mbali kiasi gani. Nilijibu kilometa zipatazo mia mbili na arobaini.

"Hizo ni za dereva," alisema. "Za muuguzi je?"

Nilikuwa nimetoka zahanati ya Shelui, na kazi yangu mpya ilikuwa kusindikiza wagonjwa wa rufaa, yaani wale tulioshindwa kuwatibu tukawapeleka hospitali kubwa.

Lami ilikuwa haijafika. Kiangazi, gari liliondoka asubuhi likaingia Dodoma alasiri. Masika hakuna aliyeahidi. Ndege ndogo ya kubeba wagonjwa ilikaa angani chini ya saa moja, lakini ilitoka mbali, iliitwa kwa redio, na kabla haijatua mlinzi wa uwanja alifukuza ng'ombe kwanza. Wanaolinganisha ndege na gari husahau kuwahesabu ng'ombe.

Kitundu alikuwa mchimbaji wa dhahabu wa Sekenke. Udongo ulimwangukia shimoni, pingili ya mgongo ikavunjika, ila miguu bado ilisikia. Mtikisiko mmoja ungeweza kumpoozesha. Mganga Mkuu aliita ndege, mawingu yakaizuia. Kesho yake redio ikajibu vilevile, na ganzi ikaanza vidoleni mwa miguu.

"Mpelekeni kwa barabara," Mganga Mkuu aliagiza. "Polepole. Asipofika leo, afike kesho."

Tulimfunga kwenye ubao, mifuko ya mchanga pande zote za kichwa, mimi nikikishikilia, mkewe akikaa miguuni pake. Dereva wetu, Hamisi, alisifika kwa kuwahi. Nilimwomba penye mashimo aende mwendo wa mtu wa miguu. Alinuna, akatii. Tulipofika Mkiwa, madereva wa malori waliotupita njiani walikuwa wanamsubiri.

"Hamisi, umebeba mayai?"

"Nimebeba mume wa huyu mama."

Mke wa Kitundu hakucheka. Njia nzima alikuwa akimfinya mumewe dole gumba la mguu.

"Unasikia, baba?"

"Nasikia."

Tulipoingia Manyoni jibu lilichelewa. "Nasikia, ila kidogo." Nilimwambia Hamisi asimame, tukalala hapohapo Manyoni bila kumshusha garini.

Dodoma, daktari wa upasuaji alimchoma unyayo kwa pini. Mguu ukaruka.

"Daktari, hiyo inauma," Kitundu alilalamika.

Mkewe akakaa chini, palepale sakafuni, akaomba maji.

Kitundu alirudi akitembea kwa gongo. Hakuingia tena shimoni, alilima alizeti.

Nimestaafu sasa, na barabara ni lami tupu. Nikienda Dodoma kwa basi, abiria wenzangu husinzia tangu Singida. Mimi sisinzii. Basi likipanda tuta, mikono yangu hujinyoosha yenyewe kushika kichwa cha mtu ambaye hayupo.