Dira ya Manowari na Nyumba ya Shangazi

Nilirudi Handeni kutoka mafunzo ya wanamaji bila kupiga mzinga hata mmoja. Nilichorudi nacho ni dira ndogo na maneno ya melini: omo, tezi, nyuzi, masafa, shabaha. Kwa maneno hayo watu wa kwetu, ambao wengi hawajaiona bahari, waliniita Kapteni. Nami, mpumbavu mwenye cheti, niliitika.

Kijiji cha ujamaa kilipoanza kupimwa, upande wa Kwamsisi, katibu wa kijiji alinipa kazi ya kunyoosha mstari wa nyumba. Alikuwa mtu wa kuheshimu sauti kuliko akili. Nilisimama porini nikipaza: "Shabaha, mti ule! Nyuzi tisini! Masafa, hatua mia mbili!" Mgambo wakakimbia na vigingi kama vile adui anakuja.

Kigingi cha shangazi yangu kiliangukia bondeni.

"Mwanangu, masika maji hupita hapa."

"Shangazi, dira haidanganyi."

"Hiyo dira yako imelima hapa mwaka gani?"

Watu wakacheka. Nilimchukia kwa kicheko kile.

Alasiri nilirudi peke yangu, nikapima tena. Sindano ikakaa kwingine. Ndipo nikakumbuka kwamba asubuhi nilikuwa nimeiweka dira juu ya usukani wa baiskeli. Chuma huvuta sindano. Hilo ni somo la kwanza la mwanamaji. Hata dira ya manowari husahihishwa kwa sababu ya chuma cha manowari yenyewe. Mafunzoni nililiandika somo hilo kwenye daftari kwa mwandiko mzuri sana. Mstari wa kweli ulipita juu, penye mwinuko.

Sikumwambia mtu. Kapteni ang'oe vigingi mbele ya wakulima?

Masika maji yaliiangusha nyumba ya shangazi. Shangazi alitoka na mkeka na kuku wawili. Kwenye mkutano wa kijiji aliomba ahamie mwinukoni.

Katibu akanigeukia. "Kapteni, mstari uko sawa?"

Neno moja tu lilihitajika, nalo nilikuwa nalo.

"Uko sawa. Nyuzi tisini kamili."

"Mama, umemsikia mtaalamu," katibu alisema, na lile kundi la wanaume wazima, waliozaliwa wakijua maji hupita wapi, likatikisa vichwa kukubali.

Wiki iliyofuata shangazi alianza kujenga upya, palepale bondeni, na mimi ndiye niliyemshikia nguzo wakati akishindilia udongo.