Njia Nyekundu

Juzi, kwenye msitu ulio juu ya mji wa Meru, ambako siku hizi watu huteremka mlima kwa baiskeli, kijana anayeelekeza wageni alitazama mvi zangu akasema, "Shosho, chukua njia ya kijani, ya wanaoanza. Ile nyekundu ni ya wazoefu."

Harufu ya raba inayoungua ikanirudia. Nilikuwa msichana mdogo kule Runyenjes. Baba alikuwa amesema msichana hapandi baiskeli, basi alipolala mchana nikaichukua yake, nikateremka nayo kuelekea kiwanda cha kahawa. Haikuwa na breki. Nilikandamiza gurudumu la nyuma kwa ndara yangu ya akala, iliyokatwa kwenye tairi kuukuu, mpaka ikatoa moshi. Wanawake waliokuwa wakianika kahawa waliinuka, wakapiga mayowe na kurusha mikono. Nilidhani wananishangilia, nikaondoa mguu ili wafurahi zaidi. Leo najua walikuwa wakinisihi nisimame. Nilitua kwenye rundo la maganda ya kahawa yaliyooza, nikanuka siku tatu. Baba alinichapa, akauliza kama nitarudia.

Pale msituni, nikageuza baiskeli kuelekea ile njia nyekundu.

"Utaanguka, shosho!"

"Nilishaanguka kitambo," nikamjibu, nikaachilia breki.