Kipimo cha Sato

Enzi zile za uhaba, kabla biashara haijapewa ruksa, nilikuwa muuguzi Musoma, na nilijiona mtabiri. Akiletwa mgonjwa ameshika tumbo upande wa kulia, daktari anawaza kama kidole tumbo kikatwe au kingojewe, mimi nina kipimo changu: sahani ya sato wa kukaanga. Uzi wa kushonea tuliupata kwa kubahatisha, mafuta ya taa ya kuchemshia vifaa ndiyo usiseme. Kumpasua mtu bure ilikuwa dhambi.

Napitisha sahani puani. Akimeza mate, hakatwi. Akigeuza uso, huyo ni wa kisu. Hadi wakati huo nilikuwa nimekosea mara moja tu, kwa mzee mfuga ng'ombe wa Bunda. Aligeuza uso, nikatangaza kisu.

"Sisi hatulagi wadudu wa ziwani," akasema. "Nyama hamna?"

Basi watu wa Bunda nikawa nawapimia mbuzi. Utaalamu hukua hivyo hivyo.

Asubuhi moja mama mkwe akaja kutoka Mugango, mara yake ya kwanza kukanyaga kwangu mtaa wa Kamunyonge tangu niolewe. Nilimwogopa mama yule, sitaki kusema uongo. Alifika amejikunja, jasho linamtoka, anasema ni uchovu wa safari. Nikamalizia mafuta yangu yote ya kupikia kwa sato mmoja. Akala. Akanyonya hadi kichwa.

Mume wangu alitaka tumpeleke hospitali. Nikamwambia, "Mtu anayenyonya kichwa cha sato hakatwi." Naye, kwa kuwa sifa zangu alizijua, akakaa.

Mchana mama akawa hawezi kunyooka. Tukamkalisha kwenye baiskeli, mume anasukuma, mimi nashikilia kwa nyuma. Daktari alimgusa tumbo mara moja tu.

"Amekula?"

"Amekula."

"Nani kampa?"

Nikasema ni mimi. Alinitukana kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kiingereza. Kisha akampasua, mimi nimeshika beseni, namwahidi Mungu sitakaanga kitu tena maishani. Kidole tumbo kilikuwa kimebakiza kidogo tu kipasuke. Mama huyu angekufa kwa sababu yangu mimi na sahani yangu.

Siku ya tatu alipopata sauti, nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, maumivu yote yale, yule samaki ulimlaje?"

"Nilikuwa naona kifo, mwanangu. Kila tonge nilikuwa namwomba Mungu lisirudi. Lakini siku ya kwanza kuja kwako, nikatae chakula chako? Si ungesema mama mkwe hakutaki?"

Nikalia mbele ya wodi nzima, na sare yangu. Akanipapasa kichwa.

"Halafu chumvi ulizidisha."