Baba Mkwe Chini, Mimi Juu ya Bati

Nichekeni tu, maana hata mimi nimejicheka wiki nzima.

Siku hizi za ruksa ya biashara mabati yamejaa madukani mpaka Kiwira, nasi tukaezeka. Lakini mvua ya Tukuyu haioni haya kwa bati jipya. Tundu moja la msumari likaanza kudondosha maji kitandani. Mume wangu alikuwa zamu kwenye kiwanda cha chai, nami nikajiona fundi. Nikachukua kopo la lami, nikaegemeza ngazi, nikapanda.

Nikiwa juu naziba, nikasikia kikohozi ninachokijua. Baba mkwe, katoka Lufingo na mkungu wa ndizi begani!

Kwetu Wanyakyusa, mke wa mwana haonani na baba mkwe wala hasemeshani naye. Akimsikia tu, anajificha. Sasa mimi nijifiche wapi, nami niko juu ya kichwa chake? Nikalala kifudifudi, nikaganda kama mjusi. Mzee akaketi barazani kumsubiri mwanawe. Mvua ikaanza kuninyeshea, nikavumilia, nikijipa moyo kwamba hajui lolote.

Mara goti likateleza, bati likalia ngwaa!

Sijui nilipatwa na nini. Nikasema, "Nyaau!"

Kisha nikamsikia mzee akizungumza na mbuzi wetu aliyefungwa pale barazani, kwa upole kabisa:

"Wewe mbuzi, mwambie huyo paka kandambili zake zinalowa hapa chini ya ngazi."